Kijitabia Chema Kina Mwisho

Karibu kila mtu ana jambo dogo analolifanya kwa namna yake, ambalo akiulizwa sababu atatabasamu na kusema amezoea tu. Kuna anayekoroga chai kisha lazima agonge kijiko kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kukiweka kando. Kuna asiyevaa kiatu cha kushoto kabla ya cha kulia, na akikosea huvua aanze upya. Kuna dereva wa lori la masafa marefu ambaye hawashi injini mpaka alizunguke gari na kugonga kila tairi kwa chuma, hata kama utingo wake amekwisha kufanya hivyo. Kuna mtahiniwa asiyeanza swali la kwanza kabla ya kupanga kalamu zake mezani, na kuna mama ambaye hapati usingizi mpaka apite jikoni aguse swichi za jiko la gesi moja baada ya nyingine. Wenzao huwaona watu wa vituko. Wenyewe huona haya, na wengi hujificha wanapovifanya.

Haya hiyo haina msingi. Vijitabia hivi ni zana ambazo mtu amejitengenezea mwenyewe, mara nyingi bila kujua, mahali ambapo ujasiri wake, kumbukumbu yake au umakini wake una udhaifu. Zana haipimwi kwa jinsi inavyoonekana ngeni machoni pa jirani. Hupimwa kwa kazi yake, na kwa kijitabia kipimo hicho kinabebwa na swali moja: kikishafanyika, je, kinamwachia mtu aendelee na shughuli zake? Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 100, kuanzia visiwa vya Bahari ya Pasifiki mpaka vyumba vya upasuaji, unaonyesha kwamba kijitabia chenye mwisho kinamsaidia binadamu, na kisicho na mwisho kinamla.

Penye mashaka ndipo vinapoota

Kati ya mwaka 1915 na 1918, mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski aliishi katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Aliona tofauti ambayo mvuvi yeyote wa mwambao wetu ataielewa mara moja. Watu walipovua kwenye maji ya ndani yaliyotulia, ambako samaki walipatikana kwa hakika kwa kutumia sumu ya mmea, hawakufanya tambiko lolote. Walipokwenda bahari kuu, ambako mtu aliweza kurudi na ngalawa tupu au asirudi kabisa, matambiko yalikuwa mengi na yenye masharti. Mwaka 1971 George Gmelch, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewahi kucheza besiboli ya kulipwa, alionyesha kwamba jambo hilohilo linatokea uwanjani. Wachezaji wa besiboli walikuwa na vijitabia chungu nzima katika kurusha mpira na kuupiga, kazi ambazo hata bingwa hushindwa mara kwa mara. Katika kudaka, ambako wachezaji hufaulu zaidi ya mara 95 katika kila 100, vijitabia vilikuwa haba. Kama vituko hivi vingetokana na ujinga au uchache wa elimu, vingetapakaa kila mahali katika maisha ya mtu. Lakini vinachagua mahali pa kuota. Vinaota pale ambapo mtu amefanya yote yaliyo katika uwezo wake, na bado matokeo hayako mikononi mwake.

Mfano ulioonekana na watu wengi zaidi katika zama zetu ni wa Rafael Nadal, Mhispania aliyeshinda mashindano ya tenisi ya Ufaransa mara 14 kabla ya kustaafu mwaka 2024. Kila alipokaa kupumzika alikunywa kidogo kutoka chupa moja, akanywa kidogo kutoka ya pili, kisha akaziweka chini karibu na miguu yake, upande wa kushoto wa kiti, moja nyuma ya nyingine kwa mshazari kuelekea uwanjani. Aliinama na kuzisogeza taratibu mpaka zikae sawasawa. Kabla ya kuanzisha mpira alirekebisha nguo, akapangusa pua, akapitisha nywele nyuma ya sikio, kila mara kwa mpangilio uleule. Watazamaji walimcheka na waigizaji walimwiga. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2011 alikanusha kwamba ni ushirikina, na hoja yake ni nzito: kama angekuwa anatafuta bahati, asingeendelea kuvifanya anaposhindwa kama anaposhinda. Alieleza kwamba kwa kupanga vitu vilivyomzunguka alikuwa akitafuta mpangilio kama huo ndani ya kichwa chake. Chupa hazikumpigia mpira. Zilimpa jambo moja dogo alilolitawala kikamilifu, katika sekunde ambazo hofu ingeweza kuingia.

Kwamba hofu hupungua kwa njia hii ni jambo lililopimwa. Mwaka 2016 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kuimba mbele ya mtu wasiyemjua, huku mashine ikiwapa alama. Kabla ya kuimba, baadhi walipewa mfuatano wa ajabu wa vitendo: chora jinsi unavyojisikia, nyunyizia chumvi juu ya mchoro, hesabu kwa sauti mpaka tano, kunjakunja karatasi, itupe. Waliofanya hivyo walikuwa na wasiwasi mdogo na waliimba vizuri zaidi kuliko waliokaa tu wakisubiri. Katika jaribio jingine, vitendo vilevile vilisaidia zaidi vilipoitwa tambiko kuliko vilipoelezwa kuwa ni vitendo vya ovyo. Chumvi haina uwezo wowote juu ya koo la mwimbaji. Kilichofanya kazi ni mtu kuamini kwamba anafanya jambo lenye maana na mpangilio, na jambo hilo likafika mwisho: karatasi ikatupwa, kuhesabu kukaisha, zamu ya kuimba ikawadia.

Mkono umefunga, akili haikuona

Kundi la pili la vijitabia halihusu hofu ya jukwaani. Linahusu kumbukumbu. Mtazame mwenye duka la rejareja anapofunga saa nne usiku. Anasukuma mlango, anapitisha komeo, anabana kufuli na kugeuza ufunguo, kisha analivuta kufuli chini kwa nguvu mpaka komeo linalia. Anapiga hatua chache, anasimama, anarudi kulivuta tena. Hajazeeka, wala hana kichaa. Mkono wake umefunga duka hilo kwa miaka na hauhitaji tena kusimamiwa, kwa hiyo akili ilikuwa kwingine: kwenye hesabu za mauzo, kwenye mteja aliyeahidi kulipa Jumamosi. Kitendo kisichoangaliwa hakiachi alama ya kutosha kwenye kumbukumbu, na hata kikiacha, alama hiyo inafanana mno na ya jana na ya juzi. Anaporudi, anajipatia ushahidi wa leo.

Wajapani waliuona udhaifu huu wa binadamu mapema na wakaujengea utaratibu rasmi. Dereva wa treni nchini Japani hunyoosha kidole kuelekea taa ya ishara na kutamka kwa sauti hali yake, ingawa yuko peke yake chumbani mwake. Huelekeza kidole kwenye kipima mwendo na kutamka, na kwenye ratiba vilevile. Mgeni akimwona humdhania anazungumza na mizimu. Lakini jaribio lililofanywa mwaka 1994 na taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo lilionyesha kwamba katika kazi rahisi, makosa yalishuka kutoka karibu 2.4 kwa kila vitendo 100 hadi chini ya 0.4 pale watu walipotumia kidole na sauti kwa pamoja. Mkono, jicho, mdomo na sikio vikishiriki, akili hailali. Tangu mwaka 1996 makondakta wa treni za chini ya ardhi za New York nao hutakiwa kunyooshea kidole ubao wenye mistari myeusi na myeupe treni inaposimama, ili wahakikishe kwamba imekaa sawa na jukwaa kabla ya kufungua milango. Mama anayegusa swichi za gesi na kusema moyoni “imezimwa, imezimwa” anafanya kile ambacho mashirika ya reli yamekiandika katika kanuni zao.

Hata hivyo utafiti wa kumbukumbu unatupa onyo ambalo ndilo kiini cha hoja hii. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwaweka watu mbele ya jiko la gesi la kwenye kompyuta na kuwataka walikague tena na tena. Baada ya kurudia mara nyingi, watu hao bado walikumbuka kwa usahihi walichokikagua, lakini kumbukumbu yao ilififia na imani yao juu yake ikashuka. Kurudia kupita kiasi kulizalisha shaka ileile iliyokusudiwa kuondolewa. Kuvuta kufuli mara ya pili huku ukitazama kunakupa uhakika; kulivuta mara ya kumi kunakunyang'anya. Hapa ndipo ulipo mpaka kati ya kijitabia kinachomtumikia mtu na kile kinachomtumikisha. Mwenye duka anayerudi mara moja, akaangalia, kisha akaondoka zake, kijitabia chake kimefika mwisho. Anayerudi kutoka nusu ya njia, na tena kutoka kitandani, hana mwisho huo.

Kutoka kituko hadi utaratibu wa hospitali

Anayeyaona mambo haya bado kuwa madogo na atazame kilichotokea kwenye upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla ya ganzi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Baadhi ya mambo hayo yanaonekana kama mchezo wa watoto: kila mtu chumbani ataje jina lake na kazi yake, wataje kwa sauti jina la mgonjwa na sehemu itakayopasuliwa, ingawa wote wanaijua, wahesabu vitambaa na sindano. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara hapa Tanzania, na nyingine zikiwa katika miji kama London, Toronto, Manila na New Delhi. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari bingwa hawakufundishwa upya kupasua. Walitakiwa kusimama kidogo, kutamka yanayojulikana, kisha kuendelea. Tofauti kati yao na dereva wetu wa lori anayegonga matairi aliyokwisha kuambiwa kuwa ni mazima ni kwamba wao kijitabia chao kimepewa karatasi na muhuri.

Kuna kundi la tatu, nalo ni la vijitabia vya mpakani, vinavyomtoa mtu kwenye hali moja na kumwingiza kwenye nyingine. Mwandishi Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1993, alieleza kwamba aliamka kungali giza, akatengeneza kahawa, akainywa huku akitazama mwanga unavyoingia. Ilikuwa lazima awe ameketi pale kabla mwanga haujafika. Mazoea hayo yalianza kwa shida halisi: alikuwa mama mwenye watoto wadogo na kazi ya ajira, na alfajiri ndiyo saa pekee ambayo hakuna aliyemwita. Baadaye shida ilikwisha lakini kikombe kilibaki, kwa sababu kilikuwa mlango wake wa kuingilia kazini. Wengi wetu tunaishi katika nyumba ambazo chumba kimoja ni sebule, ofisi na mahali pa kulala, na simu inaleta kazi mpaka kitandani. Mtu wa namna hiyo anahitaji mlango usio wa mbao. Anayevua nguo za kazi mara tu afikapo nyumbani na kunawa miguu kabla ya kusalimiana na watoto, au anayefagia uwanja kila asubuhi hata usipokuwa na jani, anaiambia akili yake kwamba sura moja ya siku imefungwa na nyingine imefunguka.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza linasema kwamba haya yote ni ushirikina uliovalishwa nguo safi. Wanaopinga wana ushahidi wao, na maarufu zaidi ni wa mwanasaikolojia B. F. Skinner. Mwaka 1948 alieleza jinsi alivyowapa njiwa wenye njaa chakula kwa vipindi maalumu, bila kujali njiwa wanafanya nini. Wengi wao wakaanza kurudia kitendo chochote kilichosadifu kuja kwa chakula: mmoja akizunguka, mwingine akisukuma kichwa kwenye pembe ya kizimba. Je, mchezaji na chupa zake ana tofauti gani na njiwa huyo? Tofauti ipo. Njiwa alitenda kana kwamba kuzunguka kunaleta chakula, yaani alikosea kuhusu ulimwengu ulio nje yake. Kijitabia kinachotetewa hapa hakidai kuleta mteja, kushusha mvua wala kupindisha mpira. Kinambadilisha mtendaji: kinapunguza wasiwasi wake, kinaamsha macho yake, kinamweka tayari. Na hata pale ambapo maelezo ya watu ni ya mkosi, tendo lenyewe huweza kuwa na busara. Wafanyabiashara wengi sokoni hukataa kukopesha kabla ya kuuza bidhaa ya kwanza kwa fedha taslimu, wakisema siku itakuwa nzito. Hakuna mkosi unaotoka kwenye deni la asubuhi. Lakini mchuuzi anayekataa kuanza siku kwa kukopesha anaulinda mtaji wake, na anapata jibu la kumpa jamaa mwombaji bila kumvunjia heshima.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa dini, nalo linastahili heshima. Wanasema mwenye imani amtegemee Mungu, asitegemee chupa wala kiatu cha kulia. Wana haki ya kuchora mstari, na mstari huo ni ule uliokwisha kutajwa: mtu anayeamini kwamba kitu kina nguvu ya kumlinda amevuka mpaka wa kijitabia na kuingia kwenye jambo jingine. Lakini dini zenyewe zinamjua binadamu vizuri. Zimempa maneno ya kusema kabla ya kula, mpangilio wa kuosha viungo kabla ya kuswali, ishara ya kufanya anapoingia kanisani. Muumini hufanya hayo kwa kuwa ameagizwa na kwa nia ya ibada, na hapo hayalingani na kugonga kijiko. Bado yanashuhudia jambo moja, kwamba moyo wa mtu hutulia kwa urahisi zaidi pale mwili unapopewa hatua za kufuata.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: kwamba kuvisifu vijitabia ni kuwadharau wanaoteseka. Upo ugonjwa wa akili unaomlazimisha mtu kunawa, kukagua au kuhesabu bila kikomo, huku yeye mwenyewe akijua kwamba hakuna haja. Mwaka 1978 watafiti Jack Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba mawazo ya kutisha yanayowajia wagonjwa hao huwajia pia watu wazima wa afya. Tofauti kubwa ilikuwa katika nguvu ya mawazo hayo, marudio yake na ugumu wa kuyafukuza. Waganga wa magonjwa ya akili hutumia vipimo vilivyo wazi: vitendo vikimla mtu zaidi ya saa moja kwa siku, au vikimletea mateso na kumharibia kazi na mahusiano, huo ni ugonjwa unaohitaji tiba, na tiba ipo. Mojawapo humzoeza mgonjwa kuikabili hofu hatua kwa hatua bila kurudia tendo. Kwa hiyo pingamizi hili linaimarisha hoja. Tukiacha kuvicheka vijitabia vyote kwa pamoja, ndipo tutakapoweza kumtambua yule ambaye chake kimekosa mwisho. Anayechekwa hujificha, na aliyejificha hatibiwi.

Liko pingamizi la nne ambalo husemwa kwa nadra, kwa sababu wanaoumia ni wa nyumbani. Kuna vijitabia ambavyo mwenyewe havimgharimu kitu kwa kuwa gharama yake inabebwa na wengine. Baba asiyekunywa chai isipokuwa kwenye kikombe kilekile, iliyochemshwa kwa namna ileile, dakika ileile, na nyumba nzima ikatetemeka ikichelewa, hana kijitabia tena. Ametunga sheria, na watekelezaji wake ni mke, binti au msichana wa kazi. Zana ya mtu imsaidie kwa mikono yake mwenyewe. Anayetaka chai ya namna yake na aichemshe, na hapo atagundua kwamba sehemu kubwa ya utulivu wake iko katika kuitengeneza.

Kwa hiyo mzazi anayemwona mtoto akipanga kalamu zake mara mbili kabla ya mtihani asimkaripie. Amwache apange, kisha amwambie aanze. Mwalimu wa michezo asimvunje moyo mchezaji anayefunga kamba za viatu kwa mtindo wake. Msimamizi wa karakana afurahi akimsikia fundi akitaja kwa sauti kila nati aliyoikaza. Naye anayehangaika na mlango au jiko aache kujilaumu, ajipatie utaratibu mmoja: atazame, anyooshe kidole, atamke, aondoke. Mara ya kwanza atasikia haya, na utaratibu hautakomaa kwa wiki moja. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba zoea jipya huchukua wastani wa siku 66 kukaa, wengine siku 18 tu na wengine zaidi ya miezi minane, na kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Mwenye subira hiyo atapata kitu kisichouzwa dukani: njia yake mwenyewe ya kumaliza jambo moja na kuwa huru kwa linalofuata. Akiona halimaliziki, asione aibu kumtafuta daktari.